Jinsi Mazimwi Walivyohamia Nyotani

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipotoka mtaa wa Woodley kwenda Westlands, huko Nairobi, kuwatetea mazimwi. Usicheke. Ninyi mnadhani michezo hii ya dadu na viumbe wa hadithi mmeianzisha ninyi. Sisi tuliicheza kabla hamjazaliwa, juu ya duka la baba yake Harjit, rafiki yangu wa shule.

Harjit ndiye aliyekuwa msimamizi wa mchezo. Mwangi alishika majini, Zainabu vibwengo, nami nikaachiwa mazimwi kwa kuwa hakuna aliyewataka. Msimu ule Harjit aliamua kuuhamishia ulimwengu wetu angani, akatoa sharti: kila mtu aeleze jamii yake ilivyofika nyotani na kuenea huko. Maelezo yakikosa mashiko, jamii inafutwa na mwenyewe anatoka mezani. Nami nilikuwa mgeni jijini, mwanangu. Nje ya meza ile sikuwa na rafiki hata mmoja.

Majini wana moto wao wa kuwarusha juu. Vibwengo wana ujanja wa kuunda vyombo. Lakini zimwi? Zimwi ni meno na tumbo. Ijumaa jioni nilikuwa Woodley kwa shangazi yangu, Senje Rasoa, nilikokuwa nikiishi, nimeinamia meza yake nikichora mizinga, kwa kuwa sikuona njia nyingine ila vita. Akaja na mwiko mkononi, akachungulia.

"Hawa wanaenda wapi na bunduki kubwa hivi?"

"Wanahamia kwa nyota, Senje."

"Kuhamia? Mimi nilihamia Nairobi na kuku moja na unga kwa mfuko. Kwani nilipiga nani risasi? Toa hiyo upuzi kwa meza, watu wanataka kukula."

Watu hawakukosekana pale. Kila aliyefika mjini kutoka kwetu magharibi alilala kwenye godoro la sebuleni kwa Senje, mpaka apate kibarua na chumba chake huko Kawangware au Dagoretti Corner. Na Senje hakumruhusu mtu aondoke kabla ya kuahidi kwamba kwake naye patakuwa na godoro la mgeni, hata kama hana kiti. Hivyo ndivyo watu wetu walivyouenea upande ule wote wa jiji. Mimi mwenyewe nilikuwa nalilalia godoro hilo kila usiku, na akili haikunituma kuliwaza.

Kesho yake, mezani kwa kina Harjit, zamu yangu ikafika.

"Haya, sema," Harjit akaniambia huku akizungusha dadu kiganjani. "Mazimwi yako imefikaje huko juu?"

"Walikula roketi!" Mwangi akadakia, nao wakacheka.

Nikasimama. Hapo ndipo maneno ya Senje yaliponirudia, pamoja na lile godoro lake. Nikawaambia kwamba zimwi wa kwanza alipanda kama kibarua, akipakia mizigo kwenye chombo cha majini. Akapata pango mwezini. Hakutafuta upanga, alitandika godoro la pili, akamwita ndugu yake. Ndugu akapata kazi nyota ya mbele, naye akatandika, akaita mwingine. Haba na haba, hapakubaki nyota isiyo na mlango wa zimwi na godoro linalosubiri mtu.

"Hiyo si jeshi," Mwangi akasema. "Hiyo ni kanisa ya kina mama!"

"Tuijaribu basi," Harjit akajibu, akatupa dadu. Dadu ikaangukia balaa: jua likalipuka. Dhoruba yake ikazifagia ngome za majini zote, na vibwengo, kwa woga, wakafunga milango yao. Mwangi akabaki na taifa zima lisilo na pa kulala. Akaniangalia kwa haya.

"Wee... hizo godoro bado ziko?"

"Karibuni," nikasema. "Lakini mvue viatu mlangoni."

Meza ililipuka kwa vifijo! Majini walilala kwa mazimwi, wakala ugali wa mazimwi, na hakuliwa hata mmoja. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Harjit akatangaza kwamba anga lote ni la mazimwi, na Mwangi mwenyewe ndiye aliyenibeba mabegani hadi barabarani. Nilipiga kelele kama mbunge aliyeshinda. Furaha ile sikuipata tena mpaka siku ya harusi yangu.

Nilipomsimulia Senje, aliuliza jambo moja tu: "Na hao wageni wote, unga iliwatosha?"

Sasa wewe unaanza maisha yako, mwanangu, na wengi watakufundisha kuingia mahali kwa kifua. Usiwasikilize. Mwenye mizinga huteka ngome, lakini usiku hapati usingizi. Fika kwa adabu, fanya kazi, kisha mfungulie mlango anayekufuata, maana wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku dhoruba itakapokuja, na itakuja, hao uliowalaza ndio watakaokulaza.

Mungu akufikishe mbali kuliko walikofika mazimwi wangu. Akupe paa lisilovuja na sufuria isiyopungukiwa. Na ukifika huko juu, kabla hujakaa, tandika godoro la pili.