Mafuta ya Magobore

Nta ya nyuki ikiyeyuka ina harufu tamu, na watu wengi huipenda. Mimi hunifukuza. Juzi mwenzangu kazini aliwasha mshumaa wa nta wakati wa chakula cha mchana, wote wakawa wanavuta pumzi na kusifu, nami nikachukua bakuli langu nikaenda kumalizia wali ndani ya gari. Najua walinong'ona juu yangu. Ningewaelezaje kwamba harufu ile, kwangu mimi, ni harufu ya bunduki?

Sisemi bunduki za siku hizi. Nasema gobore, ile inayojazwa kupitia mdomo wa mtutu: kwanza baruti, kisha gololi ya risasi iliyofunikwa kitambaa kidogo cha mviringo kilichopakwa mafuta, halafu vyote vinashindiliwa hadi chini kwa ufito mrefu. Kwetu Mombasa hata bibi yangu alizisikia kwenye hadithi tu. Lakini huku Marekani, wenzangu, kuna watu wazima wenye akili zao timamu ambao Jumamosi huvaa suruali za mababu zao na kwenda kufyatua magobore kwa raha zao. Magobore hayo, ya kale na ya kuiga ya kale, huharibika kama kitu kingine chochote, na yanahitaji vipuri. Nilipokuwa na miaka kumi, vipuri hivyo ndivyo vilivyotulisha.

Tulikuwa watatu katika fleti ya chumba kimoja pale Riverdale Park: Mama, mdogo wangu Salum, na mimi. Baba alikuwa amebaki Mombasa akingoja viza, na viza hiyo ilikuwa ikija kila mwezi, kwa maneno. Salum alikuwa na miaka sita na alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu. Maumivu yakimshika mifupani hakulia kama watoto wengine. Aling'ata pembe ya mto akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikotutisha. Ilibidi mtu awe karibu naye saa zote, wa kumnywesha maji, kumpa dawa na kujua lini mambo yamefika pa kupiga simu. Mama alikuwa ameshapoteza kazi mbili za usafi kwa ajili ya kukimbilia shuleni kila alipoitwa. Baada ya ile ya pili alituambia, huku akikunja nguo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa, kwamba asipopata kazi ya kufanyia nyumbani itabidi Salum arudishwe kwa Bibi. Nami nilikuwa nimemsikia daktari kwa masikio yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyemtafsiria Mama: mtoto huyu asikae mbali na hospitali yake. Kwa hesabu yangu ya kitoto, basi, kazi ya nyumbani ilikuwa uhai wa Salum na kuikosa kulikuwa kifo chake. Sikuona kitu chochote katikati.

Kazi ililetwa na Mama Neema, jirani yetu wa ghorofa ya chini, Mchaga wa Moshi mwenye sauti iliyofika kila mlango wa jengo lile. Yeye alimshonea Mzee Walter mikoba ya ngozi ya kuwekea risasi. Mzee Walter alikuwa Mzungu mpole, mzito wa masikio, aliyekuwa na duka ndani ya gereji nyuma ya nyumba yake, mitaa mitatu kutoka kwetu. Ukuta mzima ulikuwa droo, na aliniruhusu kuzifungua: vilimi vya kufyatulia, nyundo ndogo ndogo, skrubu za kila namna, mapambo ya shaba, na mawe ya gumegume yaliyochongwa, yale ambayo yakigonga chuma hutoa cheche. Aliviuza kwa posta nchi nzima. Alihitaji mtu wa kukata vile vitambaa vya mviringo, kuvipanga mia mia, kuvipaka mafuta na kuvitia ndani ya vikopo vya bati. Mama akavipa jina siku ile ile: vileso.

Basi kila alasiri meza yetu iligeuka karakana. Mama alikata vileso kwa kipande cha bomba kilichonolewa ncha, akikigonga kwa nyundo juu ya ubao, taf, taf, taf, mpaka jirani wa juu akatujibu kwa kupiga sakafu. Mimi nilipanga. Salum alihesabu, na akifika themanini alianza kuruka namba ili amalize upesi. Siku za mwanzo tulicheka sana.

Mafuta aliyaleta Mzee Walter mwenyewe kwenye kopo kuukuu la kahawa: nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya ng'ombe. Mama alikuwa ameuliza siku ya kwanza kabisa, kupitia kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa macho na masikio yake ya Kiingereza. Dukani haikununuliwa biskuti kabla sijasoma maandishi madogo ya nyuma. Mwalimu wetu wa madrasa alikuwa ametukaririsha maneno ya kuyakimbia, na mojawapo lilikuwa neno fupi la herufi nne, lard. Maana yake ni mafuta ya nguruwe.

Mwezi wa tatu tangu tuanze kazi, Mzee Walter alileta kopo jipya. Mafuta yake yalikuwa meupe zaidi na laini zaidi. Mama aliyatazama, akanusa, akasita.

"Zuhura, hebu muulize. Haya nayo ni ya mnyama gani?"

Nikamuuliza. Mzee Walter akatabasamu, akajigusa kifua kwa fahari na kusema kwamba babu yake hakutumia mengine, na kwamba gobore halijapata mafuta bora kuliko haya.

"Lard," akasema.

Nakumbuka friji ilikuwa ikinguruma. Salum alikuwa amelala kwenye kochi, siku ya nne tangu atoke hospitali, na nyayo zake zilionekana kubwa kwa jinsi miguu ilivyokuwa imekonda. Mama alinitazama akingoja. Nilijua kwamba nikisema kweli atamrudishia mzee kopo lake pale pale mlangoni, kwa adabu na shukrani, kisha ataingia chumbani kutoa sanduku chini ya kitanda.

"Ya ng'ombe, Mama," nikasema. "It's the same. Ya ng'ombe."

"Alhamdulillahi," akasema Mama, akalipokea kopo kwa mikono miwili.

Watu wetu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu mimi haikuwa fupi, ilichukua miezi minane, na niliitembea yote nikiwa nimekaa kwenye kiti kile kile cha jikoni. Sikuwa nimefikiri mbele. Mafuta yale yalipakwa kwa kidole gumba, kwa kuwa glavu ziliteleza. Nilimwona Mama akipaka, kisha akijifungia bafuni, maji yakitiririka muda mrefu, kisha akitoka kutandika mswala. Nami nilikumbuka tulivyofundishwa: nguruwe si najisi ya kupitisha sabuni mara moja ukaondoka. Kwa hiyo udhu wake haukuwa udhu na swala yake haikuwa swala. Na kila swala aliimalizia kwa kumwombea Salum! Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Ili kumwokoa ndugu yangu, nilikuwa nimeziharibu dua za mtu pekee aliyekuwa akimwombea.

Nilikata tamaa. Msidhani mtoto wa miaka kumi hawezi. Nililala na hali hiyo, niliamka nayo, niliikalia darasani wakati wenzangu wakijifunza majina ya sayari. Nilijaribu kumfuta Mama vidole kwa vitambaa vyenye dawa, nikisingizia mchezo wa hospitali. Nilijitolea niwe napaka mimi, yeye akate tu. Alinikatalia kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Wewe usiguse! Kazi yako kupanga."

Nikadhani ameanza kunishuku. Mara ngapi nilifungua mdomo nimwambie, kisha Salum akakohoa chumbani, nikaufunga.

Kwenye baridi kali ya mwaka ule ugonjwa ulimshika Salum kifuani. Gari la wagonjwa lilimpeleka hospitali ya watoto mjini, na Mama Neema akatufuata na chupa ya mtori, supu ya ndizi ya kwao, na makoti yetu, maana tulikuwa tumetoka na kandambili. Tulikaa kwenye korido, mchana kweupe, watu wakipita na kahawa zao. Daktari alikuja akachuchumaa mbele yangu, kwa kuwa mkalimani wa simu alikuwa hajapatikana, akaniambia mapafu ya Salum yamejaa, wanambadilisha damu, na saa chache zijazo ndizo zitakazoamua. Nikamtafsiria Mama neno kwa neno. Safari hii sikubadilisha chochote.

Mama hakulia. Aliingiza mikono yake ndani ya buibui na kugeuza uso ukutani.

"Zuhura, mwombee mdogo wako," akasema. "Mwombee wewe. Wewe mtoto, huna dhambi. Dua yako itafika."

Nilifungua viganja. Nilichezesha midomo. Wenzangu, sikusema neno hata moja. Niliogopa kwamba Mungu akiisikia sauti yangu atanikumbuka, na akinikumbuka atakasirika, na hasira hiyo itamwangukia aliyelala mle ndani. Niliona usalama wa Salum ni mimi kunyamaza kabisa, nisijulikane kama nipo. Huku nyuma yangu Mama Neema alikuwa akienda na kurudi, mkono juu, akimwita Yesu kwa sauti yake ile ile. "Bwana, mtoto huyu ni wako! Mguse! Mguse sasa hivi!" Muuguzi alikuja kumwomba apunguze sauti. Alipunguza kwa muda wa dakika moja.

Salum hakufa. Siku ya tatu alifumbua macho akaomba chipsi. Baba alifika kiangazi kilichofuata, na kukawa na mtu mwingine wa kukaa na Salum. Mzee Walter aliuza duka akahamia kwa binti yake, na Mama akapata kazi kwenye jiko la shule. Vileso vikaisha nyumbani kwetu. Sikusema. Nilimaliza shule, nikaanza kazi, nikanunua nyumba Germantown nikamchukua Mama akae nami, na bado sikusema.

Mwaka jana tulikuwa tukirudi kumpeleka Salum kliniki. Sasa ni mwanamume mwenye ndevu, anaishi Wheaton, na siku ile aliambiwa dawa mpya inamkubali vizuri. Tulimshusha kwake, tukashika barabara ya Germantown, na foleni ikatukamata kama kawaida. Mama alikuwa na furaha. Aliniwekea mkono begani.

"Unajua nini, mwanangu? Ile dua yako ya siku ile hospitalini ndiyo iliyomfikisha yule hapa. Mimi husema hivyo kila siku moyoni mwangu."

Sikuweza kuvumilia. Ningeweza kuvumilia lawama, lakini si shukrani.

"Mama, sikuomba," nikasema. "Nilichezesha midomo tu. Nisingeweza kuomba. Yale mafuta ya Mzee Walter yalikuwa ya nguruwe. Nilijua. Nilikudanganya."

Gari la mbele lilisogea kidogo likasimama tena.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mimi nilidhani hukulisikia vizuri neno la yule mzee," akasema Mama polepole. "Nilidhani umekosea. Nikasema moyoni, mtoto huyu asijue kabisa, atajilaumu maisha yake yote."

Alikuwa amejua siku ile ile. Mama Neema alipanda kuja kuazima sukari, akafungua kopo, akaangua kicheko: "Dada yangu, hii kitimoto! Mimi nimezaliwa Moshi, pua yangu haiwezi kukosea hii." Mama alimwapisha asiniambie. Usiku kucha alimwangalia Salum, na asubuhi akashika bomba na nyundo akaendelea. "Lisilo budi hutendwa," aliniambia ndani ya gari, lakini hakusema kama mtu aliyelikubali. Tangu siku ile alikuwa akiosha mikono mara saba, mara moja kwa udongo, kama inavyotakiwa, udongo aliouchota kwenye bustani ya jengo na kuupandisha ndani ya mkoba wake. Mikono ilitoharika. Moyo wake ndio uliokataa kuamini. Alijiona ni mtu aliyechagua haramu kwa macho yake, na siku ya korido aliona aibu kumwomba Mungu chochote, ndipo akaniachia mimi.

"Kwa hiyo nawe hukuomba," nikasema.

"Sikuomba. Nilikutegemea wewe."

Tulitazama mbele, kwenye taa nyekundu za magari.

"Basi aliyeomba ni Mama Neema peke yake," akasema Mama.

Tulicheka, jamani. Tulicheka mpaka dereva wa gari la pembeni akatugeukia, mpaka Mama akavuta ncha ya mtandio kujifuta macho, kisha nikaona kwamba hacheki tena.

"Miaka kumi," akasema. "Ulikuwa na miaka kumi, na umekaa nalo peke yako. Nami niko hapo hapo mezani."

Nilimwambia hata yeye alikaa nalo peke yake. Alitikisa kichwa, akasema yeye alikuwa mtu mzima.

Miaka yote ile niliamini kwamba uongo wangu ndio uliomtia Mama kwenye mafuta yale. Sasa najua aliingia mwenyewe, akijua, kwa ajili ya Salum, na huenda angeingia hata kama ningesema kweli pale mlangoni. Uongo wangu haukumwokoa mtu na haukumpoteza mtu. Ulichofanya ni kimoja tu: ulitunyima, mimi na Mama, mtu wa kulia naye.