Gunia la Bu Tiurma

Sisi watu wa Solo, huku Java, Indonesia, hatusemi hapana. Ukituomba jambo tusilolitaka tunainamisha kichwa, tunatabasamu, tunasema "inggih", yaani ndiyo kwa heshima zote, kisha hatuonekani tena. Bu Tiurma (bu kwetu ni mama, pak ni bwana), Mbataki wa kisiwa cha Sumatra aliyeletwa mtaani kwetu na mumewe dereva wa basi, aliishi nasi miaka na miaka bila kulielewa hilo. Kwao mtu akiwa na neno hulitoa. Yeye alikuwa nayo mengi.

Mumewe alipofariki, na mtaro ukafurika hadi vyumbani kwa sababu ya plastiki zetu wenyewe, ndiye aliyeanzisha benki ya taka. Kila Jumapili alitandika turubai mbele ya kibanda cha walinzi wa zamu, kila nyumba ikaleta taka zake kavu, tukazichambua pamoja: chupa huku, karatasi kule, plastiki laini kwenye gunia lake. Lori la chakavu likazichukua. Mvua zilizofuata tukalala pakavu. Tukamsifu kupita kiasi, na sifa zikamlegeza ulimi.

Maana taka hazijui kusitiri.

"Pak Wardoyo, si daktari amekukataza sukari?" alimuuliza mkuu wetu wa mtaa. "Basi hizi karatasi za chokoleti ni za nani, za paka?" Mke wa Pak Wardoyo alikuwa kasimama ubavuni pake. Siku nyingine ikawa zamu ya Bu Hartini, mpishi wa harusi, ambaye supu yake eti hukesha jikoni na mifupa ya ng'ombe. Bu Tiurma akainua konzi ya vipaketi vya kiungo cha dukani. "Mifupa yenyewe ndiyo hii, Bu?"

Tulicheka, nisiwadanganye. Mimi nilicheka kuliko wote, mpaka nilipokumbuka yaliyomo guniani mwangu.

Jumapili iliyofuata hakuja mtu. Alipita nyumba kwa nyumba, na kila mlango ukamjibu: inggih, Bu, tunakuja. Taka zikarudi mtaroni kimyakimya. Mwenye lori akasema akikuta turubai tupu mara nyingine, asitarajiwe tena, na mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kukusanyika. Bu Tiurma akanijia.

"Pak Sarno, hawa watu wana nini? Wote wamesema ndiyo."

"Walimaanisha hapana, Bu. Wanauogopa mdomo wako."

"Na miaka yote hii hakuna aliyeniambia?"

"Tungekuambia saa ngapi, na unaongea wewe?"

Akaondoka kichwa chini. Sikuwahi kumwona hivyo.

Jumapili ilipofika alikokota gunia lake mwenyewe, akalimwaga katikati ya turubai, akapaza sauti: "Njooni mnichambue. Leo zamu yenu kusema."

Heshima haikuwatoa watu nyumbani; umbea uliwatoa wote. Tukainama. Zilikuwa paketi za tambi za kuchemsha, zile za mtu mmoja, paketi juu ya paketi. Na huyu ndiye aliyetuambia kwamba kila Jumapili akitoka kanisani huwapikia wanawe na wajukuu samaki wa bizari. Ghafla nikatambua kuwa sijawaona hao wajukuu tangu matanga ya babu yao. Niliona aibu, na si kwa ajili yake.

Bu Hartini alikuwa na kila haki ya kulipiza. Aliokota paketi moja moja, akazikung'uta, akazitia kwenye gunia la plastiki laini. Kisha akasema polepole, "Jumapili supu yangu hubaki nyingi, Bu. Naimwaga bure."

Bu Tiurma alijitahidi kunyamaza, sote tulimwona. Akashindwa.

"Ile ya vipaketi?"

"Hiyo hiyo. Njoo na bakuli kubwa."

Hapo Bu Tiurma akalia, mbele ya watu wote, akiwa amekaa juu ya taka zake. Nasi tukakimbilia majumbani kuleta magunia yetu.