Otilia na Beseni la Pili

Otilia hakuwa mgomvi, muulize yeyote wa pwani ile ya Nyasa. Alikuwa mjane, mfinyanzi wa vyungu. Mto Ruhuhu ulipofurika, miaka ile ya Mwingereza, uliondoka na nyumba yake na vyungu vyote. Akahamia kwenye darasa la misheni pamoja na bintiye Teodora, mkwewe Raimundi, na mjukuu aliyezaliwa siku hizo hizo za mafuriko.

Serikali ikaleta sabuni, madebe na mabeseni. Karani Frederick, kijana mgeni wa suruali iliyonyooshwa pasi hata kwenye tope, akauliza, "Nyinyi ni familia moja?"

"Ndiyo, baba, moja," Otilia akajibu kwa moyo mweupe. Kumbe kajifunga mwenyewe! Wakapewa mche mmoja wa sabuni, debe moja, beseni moja. Raimundi, aliyetoka kufukua matope, akatangulia kuoga.

Sasa jamani, mama mkwe atie mkono katika beseni analoogea mkwewe? Hata wakikutana njiani, Raimundi huchepuka akainamisha kichwa. Na Teodora yuko hoi kwa homa, hawezi kuinuka. Mtoto ana siku tano, hajaogeshwa, kitovu kimeanza kutoa harufu. Jirani yao Emerensiana angewaazima beseni lake, lakini lilikuwa likigombaniwa na watu tisa.

Otilia akamrudia karani mezani kwake, mwisho wa darasa lile lile, mtoto mgongoni. Nyuma ya meza mabeseni yamepangwa mpaka dirishani, hayana kazi, yanang'aa tu! Akaeleza shida yake taratibu, kwa heshima zote.

"Familia moja, beseni moja," Frederick akasema bila kuinua macho. "Maji hayajui ukwe."

"Kwani kwenu unaoga beseni moja na mama mkwe wako?"

Watu kwenye foleni wakaguna. Kalamu ikasimama.

"Ya kwetu hayakuhusu, bibi. Ukitaka lako, sema huna mtu, nikuandike peke yako. Na useme kwa sauti, wote wasikie."

Loo! Mwanamke aliyezaa saba akazika sita, leo aambiwe na kijana huyu aseme hana mtu, na damu yake iko mgongoni! Alitamani kumtemea mate. Lakini kitovu kile je?

"Sina mtu," akasema. Sauti ilifika mpaka mkekani alikolala Teodora.

Akapewa beseni. Hakwenda nalo popote. Alilitua pale pale mezani, juu ya karatasi za karani, akamwomba Emerensiana maji ya moto. Akamfungua mtoto, akaanza kumwosha polepole, matone yakirukia wino.

"Andika vizuri, karani," akamwambia. "Huyu hapa ndiye mtu nisiyekuwa naye."