Injini ya Makande

Siku yangu ya kwanza kazini Karatu, Meneja wa Karakana alinipokea akiwa amelala chini ya lori, nami nikazungumza na soksi zake. Aliniuliza kama najua kutofautisha gari moja na jingine. Nikajibu kwamba najua, nimetoka chuo cha ufundi na cheti ninacho. Soksi zikatikisika kwa kicheko. Akaniagiza niende nyuma ya karakana, kwenye mikaratusi, nimtafute Fundi Mkuu, halafu nirudi nimwambie gari la Fundi Mkuu ni la aina gani.

Nililizunguka gari lile mpaka nikaona aibu. Bodi ilikuwa ya Landrova, taa za trekta, magurudumu ya nyuma ya kitu kizito zaidi, na bomba la moshi lilipanda kando ya mlango kama la lori la magogo. Boneti ilikuwa imekatwa tundu ili injini ipumue. Injini yenyewe sikuitambua. Fundi Mkuu, mtu mrefu wa Endabash aliyevaa kofia ya sufu jua na mvua, aliniacha nihangaike, kisha akanihurumia.

“Linaitwa Makande,” akasema. “Usisumbuke kutafuta hindi lipi limetoka shamba la nani.”

Nilirudi kwa Meneja nikamwambia sijui. Akasema basi nimeanza kazi vizuri.

Ninyi vijana mnaochomeka kompyuta kwenye gari ikawaambia linaumwa wapi, lazima niwaeleze kidogo. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, spea zimeadimika, na gari likifa lilikaa pale lilipofia mpaka kuku watage ndani yake. Lakini msidhani ilikuwa shida tupu. Baadhi yetu tulikuwa wendawazimu wa magari, na hata spea zingejaa madukani tungeyakata na kuyaunga vilevile. Jumapili alasiri, serikali ilipokataza magari ya watu binafsi kutembea ili kuokoa mafuta, tulikusanyika pale kwenye mikaratusi na kuyafungua yote. Alikuwepo Lemburis, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Loliondo, aliyelifupisha lori lake kwa msumeno kwa sababu hakupenda lilivyokata kona. Alikuwepo Sista Gaudensia wa zahanati ya misheni. Yeye aliliwekea gari la wagonjwa kabureta mbili, kile chombo cha kuchanganya petroli na hewa, akidai kuwa mgonjwa hapendi kusubiri. Mimi nikawa wa nne, nikiwa na pikapu niliyoiokota vipandevipande.

Wiki ileile ya kwanza Fundi Mkuu alinichukua ndani ya Makande kwenda Ngorongoro. Tulipopita lango la Lodoare tukaingia kwenye ukungu wa ukingoni mwa kreta, na ghafla tukaona matawi mabichi yamelazwa barabarani. Matawi yakilala barabarani maana yake mbele kuna mwenzako amekwama, na aliyepita bila kusimama hakutazamwa usoni tena Karatu nzima. Mbele alikuwa Lemburis, amejifunga shuka mbili kwa baridi. Koili yake imekufa. Koili ndiyo inayouchukua umeme mdogo wa betri na kuukuza uweze kuruka kwenye plagi, na isipokuwepo injini ni chuma tu. Fundi Mkuu akashuka na spana. Alifungua boneti ya Makande, akang'oa koili yetu, akaifunga kwenye gari la Lemburis.

Nilivumilia, nikashindwa. Nikamuuliza sisi tutaondokaje.

“Yeye anakwenda Loliondo,” akasema. “Sisi tunaweza kugeuza turudi Karatu. Mwenye safari ndefu ndiye mwenye kifaa.”

Lemburis akatoweka kwenye ukungu na koili yetu. Sisi tukaligeuza Makande kwa kulisukuma na kuliachia mteremko, Fundi Mkuu akishika usukani na mimi nikimwomba Mungu, hadi langoni. Hapo Sista Gaudensia akatukuta, akatufunga kamba akatuvuta nyumbani. Nilikaa ndani ya gari lililovutwa nikiwa nimechanganyikiwa kabisa. Nilifundishwa kwamba fundi ni mtu wa kulitoa gari njiani, na huyu bosi wangu alikuwa amelitia letu njiani kwa hiari yake.

Ndivyo tulivyoishi. Kifaa hakikurudishwa kwa aliyekitoa. Kilikaa na mwenye safari ndefu mpaka akutane na mwenye safari ndefu kuliko yake. Koili ya Makande ilikwenda Loliondo ikarudi kwa Sista, feni ya Sista ikaja kwangu, giaboksi yangu ikapanda na Lemburis. Mke wangu aliwahi kuniuliza kama pikapu iliyo uani ni yetu. Nilitazama, nikamwambia milango ni yetu.

Kitu kimoja tu Fundi Mkuu hakukiazimisha, nacho ni kazi ya sikio. Alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, anafumba macho, halafu anageuza skrubu ya kabureta kidogo sana, chini ya robo. Vitabu vilitaka petroli ichanganywe kwa kipimo fulani. Yeye alisema vitabu viliandikwa pwani, huku juu hewa ni nyepesi, injini nayo ina pumzi yake. Gari lake likipunguziwa mafuta lilikohoa mara moja, kisha likatulia. Alinilazimisha kusikiliza kikohozi kile miaka mingi. Kila nilipomaliza kuifunga pikapu yangu aliinamia boneti, akasikiliza, akaondoka zake. Niliamini nimeshindwa.

Nilihamishiwa Mbulu chini ya Msimamizi wa Barabara aliyependa rangi kuliko injini, kisha kambi ya greda upande wa Loliondo chini ya Mhandisi mmoja mpole sana, ambaye nilimtengenezea gari na akalitia mtoni kabla ya chai. Niliporudi Karatu nilimkuta Fundi Mkuu amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Alikuwa amemwagiza Sista aitoe injini ya Makande aitumie kwenye gari la zahanati. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba Sista ana safari na yeye hana tena. Sikupenda jibu lile, nikabadili mazungumzo. Mvua za masika zilipoanza tukamzika Endabash.

Baada ya matanga ukaja msiba wa pili. Ukoo ulikaa kugawa mali, na mdogo wake marehemu, Katekista kutoka Mbulu, akafungua boneti ya Makande uani akakuta pango. Akamwuliza mjane, Mama Yulita, injini iko wapi. Mama Yulita akasema waliichukua wenzake marehemu. Wenzake gani, kwa kibali cha nani? Mama Yulita hakuweza kueleza, maana jambo lenyewe halielezeki. Wakubwa wa ukoo wakasema injini haina miguu. Mwanamke aliyeuza injini kabla udongo wa kaburi haujakauka atauza na shamba, kwa hiyo shamba la Endabash lirudi kwa ukoo, na yeye na watoto watafutiwe pa kukaa.

Mama Yulita alinijia karakanani na kanga yake ya msiba. Alisema taratibu, kama anayeomba maji, “Shemeji, irudisheni. Waione tu.”

Nilimwahidi. Kisha nikaenda kutafuta na akili ikanivurugika. Sista alisema injini alikaa nayo mpaka misheni ilipoleta nyingine, akampa Lemburis aliyekuwa amekwama Malanja. Lemburis akasema ni kweli, ila alibaki na kitako chake tu, ile sehemu ya chini, na silinda hedi, kifuniko cha juu, akaifunga kwenye gari la zahanati lilipokwama Rhotia. Kabureta hakujua. Kadi ya gari nayo ilikuwa na namba ya injini ambayo hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuiona. Injini ya Makande ilikuwa kila mahali na haikuwa popote, na kwa ajili hiyo watoto wa rafiki yangu walikuwa wanatolewa shambani kwao. Nilimkasirikia marehemu, niseme ukweli. Nilisimama mbele ya kaburi lake nikamgombeza.

Tuliyapeleka magari yetu yote kwenye uwanja wa mpira karibu na kanisa, ukoo ukaja, na kila mmoja akafungua boneti kuonyesha alichonacho cha marehemu. Ilikuwa balaa. Sista akionyesha silinda hedi, Lemburis anasema hapana, hiyo ni ya trekta, ya marehemu ni ile nyingine. Mimi nikaonyesha feni, Sista akasema ni yake. Wakubwa wa ukoo wakaanza kutazamana. Kadiri tulivyoeleza ndivyo tulivyofanana na wezi waliosahau kupatana juu ya uongo.

Hapo Katekista akanyanyua mkono. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na msiba na hakuelewa, kama mimi.

“Gari la kaka likipanda Rhotia nililijua kabla sijaliona,” akasema. “Washeni yote, moja moja. Mimi na shemeji tutageuka.”

Wakawekewa viti wakaelekea ukuta wa kanisa. Lemburis akawasha gari lenye kitako cha injini ya Makande. Migongo haikutikisika. Sista akawasha. Vilevile. Sikuwa na sababu ya kuwasha pikapu yangu, kwa kuwa injini yake niliitoa mwenyewe kwenye pampu ya maji iliyokufa huko Loliondo, na marehemu hakuwahi kuigusa hata kwa kidole. Nikawasha ili tu isisemwe nimeficha. Ikaunguruma, ikakohoa mara moja, ikatulia.

Mama Yulita alijifunika uso kwa kanga. Katekista akasema bila kugeuka, “Ni hilo.”

Nilizima. Ingekuwa rahisi kunyamaza, kila mtu angeondoka ameridhika, lakini kinywa kilishatangulia. Nikawaambia wamekosea, injini hii ni ya pampu, marehemu hakuishika.

Katekista akageuka. “Nani aliirekebisha?”

“Mimi.”

“Kaka alikupa kifaa gani?”

“Hakunipa kifaa chochote.”

Lemburis alikuwa ameegemea fimbo yake. “Alimpa sikio,” akasema. “Sisi tulipewa vyuma.”

Katekista alitembea kutoka gari moja hadi jingine, akitazama ndani ya kila boneti, akigusa, na nadhani ndipo alipomwona kaka yake jinsi sisi tulivyomwona. Mwishowe akaenda kusimama mbele ya kiti cha mjane.

“Shemeji, inua uso,” akasema. “Hakuna kilichouzwa hapa. Kaa kwenye shamba lako.”

Wakubwa wa ukoo walinung'unika, lakini yeye ndiye aliyekuwa mdogo wa marehemu, na neno lake likasimama.

Kabla watu hawajatawanyika, Lemburis na Sista wakanitazama. Sikuhitaji kuambiwa. Mwanamke ana watoto na shamba, njia yake ilikuwa ndefu kuliko yangu na ya Loliondo pia. Tuliing'oa injini ya pikapu yangu palepale uwanjani, tukaipeleka mpaka Endabash, tukaifunga ndani ya Makande. Mama Yulita alilia akisema hajui hata kuendesha. Sista akamjibu kwamba hata yeye alianza hajui, na wagonjwa wake wa mwanzo wanaweza kushuhudia. Nikarudi nyumbani juu ya lori la Lemburis, kati ya ng'ombe wawili wa mnada.

Sasa nimestaafu. Nina shamba dogo Rhotia, kando ya mlima, na magoti yasiyotaka kuinama. Watu huniuliza nilipata nini katika kazi ile, nami hujikanganya, kwa sababu pikapu yangu iliisha ikiwa haina skrubu niliyoanza nayo, na sijui hata leo nani ana deni na nani.

Yulita, binti yake Fundi Mkuu, ndiye anayeliendesha Makande siku hizi, akipeleka maharage sokoni. Hunisalimu kwa honi. Lakini mimi huwa nimeshalisikia tangu bondeni. Linapunguza mwendo kwenye kona, linakohoa mara moja, linatulia, nami naacha jembe nasimama wima nikimngoja Fundi Mkuu atokeze na kofia yake ya sufu. Halafu nakumbuka kwamba kikohozi kile nilikiweka mwenyewe, na yule ninayemngoja ni mimi.