Zawadi na Matuta ya Bibi

Harufu ya nyasi zinazooza chini ya udongo hunirudisha Katandala, kwenye shamba la nyuma ya nyumba ya Bibi. Sisi Wafipa hufukia nyasi ndani ya matuta ya duara, zikaoza humo zikawa mbolea. Mvua ikinyesha tu, harufu inaingia hadi jikoni.

Mwaka ule mama mdogo alifariki huko Kirando, kando ya ziwa, akaletwa kuzikwa kwetu. Nyuma ya jeneza akaja binti yake, Zawadi, ambaye hata shule alikuwa hajaanza. Sisi watoto hatukupelekwa makaburini. Kwetu ilikuwa mwiko. Zawadi alipouliza mama yake yuko wapi, wakubwa walimjibu, "Amelala kwenye udongo, anapumzika." Basi, wakadhani yameisha.

Jamani, yule mtoto alikuwa na jeuri! Ukimwita kula, "Sitaki!" Ukimwogesha, anakung'ata. Ugali wa ulezi anausukuma, sahani inakwenda chini. Michezo yetu hakuitaka, alishinda amejikunyata ukutani, na shikamoo hakumpa mtu, hata padri. Mjomba, kaka yake mama, alisema, "Huyu kadekezwa na samaki wa ziwani. Fimbo itamnyoosha." Akamchapa kweli, tena mara nyingi, na Zawadi hakutoa hata chozi.

Asubuhi moja tukasikia Bibi anapiga yowe shambani. Tukatoka mbio. Mungu wangu! Matuta yote aliyoyalima mpaka mgongo ukamuuma yalikuwa yamefumuliwa, nyasi zimetapakaa. Katikati alikuwa Zawadi, tope hadi kwapani, anachimba kwa mikono, kucha zinatoka damu.

Mjomba akainua fimbo. "Unatafuta nini humo, shetani wewe?"

"Mama," akajibu, huku anaendelea kuchimba. "Hamtaki kuniambia yuko kwenye tuta lipi."

Fimbo ikamdondoka Mjomba. Bibi akapiga magoti kwenye tope akamkumbatia, na safari hii Zawadi hakung'ata. Siku hiyohiyo, mwiko au si mwiko, Bibi akamshika mkono akampeleka kaburini, nasi watoto tukawafuata. Pale ndipo tulipomsikia akilia, na alilia mpaka sauti ikakauka.

Wakati ule sikujua kwamba mtoto anaweza kuugua huzuni, na ugonjwa wenyewe ukaonekana kama ukorofi. Sasa nina wanangu, na mzazi akijisifu mbele yangu kwamba amemnyoosha mtoto mkaidi, namsimulia habari za Zawadi. Nyumbani kwetu mtoto alichapwa kwa kufiwa na mama yake.