Kunde za Juu ya Mfuko

Mimi nimelisha watu. Hapa Samuye hakuna aliyewahi kutoka kwangu na njaa, nasema hivyo bila aibu. Aibu yangu iko mahali pengine, kwenye sado mbili, yale makopo ya kupimia, za kunde.

Shule iliomba kila nyumba ilete mahindi na kunde, watoto wapikiwe mchana. Mwalimu alisema kwenye mkutano kwamba mtoto hashiki hesabu kwa uji mtupu, anataka na cha kujenga mwili. Nikapiga makofi kuliko wote. Mjukuu wangu anasoma hapo darasa la tatu. Mama yake anawapikia wachimbaji kule Rwamgasa, mtoto namlea mimi.

Ndani nilikuwa na kunde za namna mbili. Nzuri nilizichanganya na majivu nikazifungia kwenye ndoo, zinamsubiri binti yangu akija. Nyingine nilizembea kuzitunza, wadudu wakazitoboa, ukizishika unabaki na unga mkononi. Nikasema moyoni, chakula cha shule hakina mwenyewe. Nikajaza mfuko zile mbovu, juu nikatandaza konzi tatu za nzuri, nimezipeta hata jivu halionekani.

Mpishi wa shule alichota za juu akawaonyesha wanawake wengine walioleta zao. "Tazameni kunde za bibi. Nyie mnatuletea takataka."

"Sisi wa zamani hatuna mchezo na chakula," nikajibu, kichwa juu.

Siku zilipopikwa, mjukuu alirudi akaweka daftari chini.

"Shikamoo bibi. Leo tumekula kunde zako."

"Marahaba. Zilikuwaje?"

"Chungu. Wadudu walielea kwenye mchuzi. Mpishi hakuchambua, alisema kunde za bibi hazichambuliwi. Wenzangu wakamwaga, wakanicheka. Nikawaambia bibi yangu hana kunde mbovu, mpishi ndiye kazibadilisha."

"Na wewe ukamwaga?"

"Nilimaliza sahani yote. Si zako?"

Nilishika ufagio nikafagia pale pale nilipokwisha kufagia. Mtoto kameza wadudu kwa ajili ya jina langu, na mpishi wa watu kaitwa mwizi.

Kesho yake mchana nilijitwika ndoo ya binti yangu hadi jikoni shuleni. Watoto walikuwa kwenye foleni na sahani zao, wangu akiwa katikati. Ningeweza kumvuta mpishi pembeni. Sikumvuta.

"Zile mbovu zilikuwa zangu," nikasema. "Nilijua. Nilizifunika kwa nzuri."

Mpishi alitazama ndoo, akatumbukiza mkono, ukatoka na majivu. "Bibi, ungesema tu. Tungekaa wote tukazichambua."

Angenitukana ningepona.

Mjukuu alisikia. Tangu siku ile nikimpakulia nyumbani, huchambua kwanza kwa kidole, polepole, ukingo hadi ukingo, ndipo ale. Namwangalia. Simkatazi.