Nani Alimchagulia Luul Bweni?

Siku Luul binti Robow alipoitwa chuo cha ualimu, Isiolo yote ilijua kabla yake. Barua ilikuwa imeshafunguliwa, imesomwa kwa sauti, imejadiliwa na watu wanne waliokuja kununua sukari, na fomu iliyokuwa ndani ilikuwa imejazwa yote kwa wino wa buluu. Yeye alipofika dukani kwa Muiruri, kilichobaki ni kuweka sahihi na kushukuru.

Usicheke. Ilikuwa mwaka wa 1981, na familia nyingi za mjini hazikuwa na sanduku la posta. Walitumia la Muiruri, aliyetoka sehemu za kati akafungua duka la vyakula karibu na msikiti. Barua ya kijana aliye jeshini, barua ya mahakama, kadi ya harusi, zote zilipita kwa Muiruri. Na kwa kuwa nusu ya wenye barua hawakujua kusoma, alizoea kuzifungua zote ili mtu akifika akute habari yake iko tayari kama chai. Alikuwa mtu mwema huyo. Mwema kiasi cha kukupandisha hasira.

"Luul! Kuja hapa, mwalimu!" akaita kutoka nyuma ya magunia. "Umepata chuo! Nimekujazia kila kitu. Wewe weka sahihi tu hapa chini."

Luul akaisoma fomu amesimama. Jina, sawa. Mahali pa kuzaliwa, sawa. Chini kabisa iliandikwa kwamba chuo kina mabweni manne ya wasichana, na kila mwanafunzi achague moja. Mbele ya maneno hayo palikuwa na tarakimu 4, kubwa, yenye mkia uliokunjwa kama ndoano.

"Hii nne ni ya nani?"

"Ni yangu. Nimekuchagulia."

"Uliniuliza?"

"Nikuulize nini, na wewe hujafika huko?"

"Wewe umefika?"

Muiruri akapangusa kaunta isiyokuwa na vumbi. "Kufika sijafika. Lakini Akaale wa mzee Ekai yuko bweni la nne. Msichana wa Ado alikuwa la nne. Miaka sita mimi naandika la nne na hakuna amerudi hapa akilia."

"Na huyo wa kwanza kabisa, ulimwekea la nne kwa sababu gani?"

Muiruri akafikiri kwa haki kabisa. "Lilikuwa la mwisho kwa orodha. Nikaona la mwisho halina kelele."

Basi Luul alichukua fomu yake bila kuweka sahihi, akachukua na bahasha yake iliyopasuliwa, akatoka. Wale wanunuzi wa sukari walisema msichana amekosa adabu. 

Ili uelewe hasira hiyo, ujue alikotoka. Babu yake alikuja kutoka Usomali na jeshi la Mwingereza, akapigana vita ambavyo havikumhusu, na vilipokwisha akaambiwa: nyinyi kaeni hapa Isiolo. Hakuulizwa kama anapapenda. Baba yake Robow alirithi kukaa hapo, akanunua ng'ombe, na wakati mwingi alikuwa nao malishoni huko Kipsing. Na Luul naye, nyumbani kwao mtaa wa Wabera, aliwekewa kitanda nyuma ya mlango wa chumba cha ndani. Kwa nini nyuma ya mlango? Kwa sababu hapo ndipo kilipoenea.

Nyumba hiyo ilikuwa na karabai moja, iliyoning'inia sebuleni kwa wanaume na wageni wao. Luul alisoma tangu darasa la tano hadi kidato cha nne nyuma ya pazia, kwa mwanga uliopita chini yake, mstari mpana kama kiganja. Kitabu kilisogea pale mstari ulipo. Mgeni akinyoosha miguu, somo limekwisha. Kuna jioni alitoa kichwa nje ya pazia akamwambia mzee mmoja muuza ngozi, "Mzee, tafadhali, umekanyaga mto Naili." Mzee akaruka kutoka kitini. Mama yake, Asho, alimfinya kwa hilo, lakini mtihani wa jiografia alipita.

Baadaye alifundisha miaka miwili bila cheti, akiwafundisha watoto kusoma huku yeye mwenyewe bado anasoma kwa makombo ya taa ya wengine. Kwa hiyo fomu iliposema achague, wengine waliona neno dogo. Yeye aliona kitanda chini ya taa, kitanda alichokitaka mwenyewe, mara moja katika maisha yake. Na Muiruri amekalia neno hilo kwa mkia wa ndoano!

Nyumbani alimkuta Asho na kaka yake, Warfa, mwenye lori la Bedford lililobeba mbuzi kwenda Nairobi na kurudi na mabati. Warfa alikuwa mtu wa kupiga kifua. Ukimwamini, hakuna barabara Kenya hii ambayo hakuigundua yeye.

"Fomu irudi siku kumi," Luul alisema. "Abti, nataka kwenda kuona mwenyewe."

Abti ni mjomba kwa Kisomali, na mjomba naye humwita mpwa wake hivyo hivyo. "Abti," Warfa akajibu, akiweka kikombe chini, "nani amekufundisha kwamba anayehama ndiye anayetangulia kuona? Sisi hatuhami bila sahan."

Sahan ni ile kazi ya kumtuma mtu mzima mwenye macho atangulie, aone malisho na maji kabla familia haijang'oa nyumba. Mtu wa sahan akirudi, wote hukaa kumsikiliza, na neno lake ndilo linalohamisha ngamia.

"Mtu wa sahan ndiye mimi," Warfa akasema. "Lori linapita huko Jumanne."

"Basi nipande."

"Umeona wapi mzigo unakwenda sahan?"

Asho akacheka. Luul hakucheka. Aliitwa mzigo mbele ya mamake, na siku nne nzima alipika na kufagia bila kumwambia mtu neno, akihesabu siku za fomu.

Jumamosi Warfa akarudi, akaketi, akadai maziwa, akaanza. Upepo wa huko unatoka mlimani, ni mkali asubuhi. Udongo ni mwekundu, unateleza, lakini hauna kupe. Maji yapo, ameyaonja. Majirani ni watu wa mashamba, wapole, mbwa wao amefungwa. Nyasi kati ya lango na bweni la kwanza ni ndefu hadi goti, tamu, hazijalishwa miaka. Na hapo mbele lori linaweza kugeuka bila kurudi nyuma hata hatua moja.

"Kwa hivyo ni bweni la kwanza," akamaliza. "Andika."

"Na taa?" Luul akauliza. "Ziko ngapi ndani?"

"Ndani?"

"Ndani, abti. Pale nitakapolala."

"Wewe! Mwanamume mzima aingie bweni la wasichana? Nimezunguka ua mara tatu. Mara ya tatu askari aliniuliza nataka kuiba nini."

Luul akasimama. Maneno ya siku nne yakatoka yote pamoja. "Umeonja nyasi! Abti, mimi nakula nyasi? Umeniangalilia kupe, umeniangalilia mbwa, lori lako umelitafutia mahali pa kugeuka. Muiruri amechagua bila kutoka dukani, na wewe umekwenda mpaka huko ukachagua ukiwa nje ya ua. Mimi ndiye nakwenda kulala ndani, na mimi ndiye sijaulizwa!"

Asho akaangalia kitanda cha nyuma ya mlango, kisha akamwangalia kaka yake. "Jumanne atapanda," akasema. "Mbele. Si kwa mbuzi."

Jumanne hiyo alipanda mbele. Kwenye kizuizi cha mjini askari akamwomba kitambulisho mara mbili, mbuzi hawakuombwa chochote, na hilo nalo akaliongeza kwenye hasira zake. Saa sita mchana alikuwa mbele ya matroni wa chuo, Mugure, mama mnene mwenye funguo nyingi kiunoni.

"Habari yako, mama. Nimekuja kuona mabweni, nichague."

Mugure akasoma mahali pa kuzaliwa kwenye fomu, akatabasamu. "Ah, wewe wa kule! Wa kule wanakaa la nne. Hakuna haja ya kuzunguka."

"Kule wapi?"

"Kule kwenu."

"Na nani amesema tunakaa la nne?"

"Nyinyi wenyewe!" Tabasamu la Mugure likakatika. Akafungua kabati, akatoa faili, akazipanga fomu mezani moja baada ya nyingine kama mtu anayecheza karata. "Huyu, la nne. Huyu, la nne. Kila mwaka mnaandika la nne, la nne, mpaka hapa tunasema watu wa Isiolo wanaringa, hawataki kulala na wenzao. Tukaacha kuuliza. Wakija, tunawapeleka."

Luul akainama. Fomu sita, wino wa buluu, na kila nne ina mkia wa ndoano.

Hakujua acheke au apige meza. Akapiga meza. "Mama, huu ni mwandiko wa mtu mmoja! Ni wa mwenye duka! Anauza sukari!"

Mugure akavaa miwani, akaangalia moja, akaangalia ya pili. Akazirudia zote. "Mwenye duka," akasema polepole, na sasa hasira ikawa yake pia. "Miaka sita nimewanunia hawa wasichana kwa ajili ya mwenye duka?"

Akachukua funguo. Wakaanza na bweni la nne. Lilikuwa nyuma ya jiko. Moshi ulikuwa umepaka madirisha, na taa ilikuwa moja, juu ya mlango. Akaale wa mzee Ekai, aliyekuwa mwaka wa pili, alikuwa ameketi kizingitini na daftari lake, akifuata mwanga wa nje. Luul alimtambua kabla hajamwona uso. Alimtambua kwa jinsi alivyoinamisha kitabu.

"Akaale, ulichagua hapa?"

"Kuchagua?" Akaale akashangaa. "Si chuo kimetuweka? Fomu mimi niliweka sahihi tu bila kuisoma. Sisi tulisema hawa watu hawatupendi, basi tukanyamaza."

Mugure alifumba funguo zake kwenye kiganja zisilie.

Bweni la kwanza, lile la nyasi tamu, lilikuwa zuri, lakini kengele ilikuwa ukutani mwake. La tatu lilivuja. La pili lilikuwa na taa tatu katika kila safu, na chini ya taa ya katikati, karibu na dirisha, palikuwa na kitanda kisicho na godoro. Luul akakikalia.

"Hiki."

"La pili limeshapangwa, binti yangu. Orodha imepigwa taipu."

"Ipigwe tena."

"Fomu yako ina la nne kwa wino."

"Na sahihi yangu iko wapi?"

Mugure akaitazama fomu. Mahali pa sahihi palikuwa peupe. Kengele ya chakula ikalia, na yule msichana hakuinuka. Mwisho Mugure akarudi ofisini akaleta fomu mpya na kalamu. Luul akaandika juu ya goti lake, jina lake, mji wake, bweni la pili, na sahihi ndefu kuliko zote alizowahi kuweka.

"Na mimi?" Akaale akauliza mlangoni.

"Wewe ulishachagua mwaka jana," Mugure akaanza, kisha akasikia maneno yake mwenyewe. Akavua miwani. "Ngoja nilete nyingine."

Siku ya kuripoti Warfa alilalamika kutoka langoni hadi ndani. Mbele ya bweni la pili lori halina pa kugeuka, na ilimbidi arudi nyuma hatua mia mbili huku wasichana wakimwelekeza kila mmoja upande wake. Sanduku la mpwa wake alilibeba kichwani mpaka mlangoni, akaliweka, akageuza uso haraka asije akaonekana akichungulia.

Likizo ya kwanza Luul alirudi, akaenda dukani kununua majani ya chai. Warfa alikuwa ameketi juu ya gunia, na wanunuzi wale wale wa sukari wakimsikiliza.

"Sahan niliifanya mimi," alikuwa akisema. "Hilo bweni nililiona kwa macho yangu."

"Lakini mwanzo ni mimi," Muiruri akasema. "Bila mimi kujaza, angekwenda huko kufanya nini? Hasira ndiyo ilimpeleka."

"Salaam aleikum," Luul akasema. Wakageuka. "Basi niambieni, mliochagua. Kitanda changu kina taa upande gani?"

Muiruri akapangusa kaunta. 

"Upande wa nyasi," Warfa akasema.

Luul akanyoosha mkono juu ya kaunta. Kando ya mizani kulikuwa na barua mbili, na ya juu ilikuwa ya Fosia, jirani yao, yenye muhuri wa chuo. Bahasha ilikuwa imeanza kufunguliwa, upana wa kidole kimoja tu, halafu ikaachwa hivyo.

"Nilikumbuka katikati," Muiruri akasema kwa sauti ndogo.

Luul akaichukua, akabana pale palipopasuka, akaenda nayo kwa Fosia mwenyewe. Majani ya chai aliyasahau, na ilimbidi Warfa ayalipie.